Mizizi Iliyoota Kwenye Donge

Kabla hujaniuliza kiasi cha dawa, shika huo mche ulio mbele yako, hapo chini kabisa, kwa vidole viwili, uuvute. Usiogope. Ukitoka, ujue nimekosea mimi, uuache hapo hapo mezani. Ukikataa, tunaweza kuongea.

Hivyo ndivyo ninavyowapokea siku hizi, ninyi vijana mnaokuja kwangu Ihembe na pikipiki zenu, mkitaka kufungua vyumba vya kuotesha miche ya matunda kwenye chupa. Mnanipa shikamoo nzuri, mnakaa, halafu swali la kwanza ni lile lile: mzee, homoni ya mizizi unaweka kiasi gani? Kama mtu anayeuliza chumvi ya maharage. Nimestaafu na mgongo umegoma, lakini akili bado ninayo. Shule niliachia darasa la tatu. Kile chumba cha chupa cha kituo cha miche nilikijenga mimi, nikiwa fundi wa matofali, kabla sijajua kitafanya kazi gani. Wakaniona sivunji vitu, wakanibakiza nioshe chupa. Kutoka kuosha nikaenda kupika chakula cha miche, kutoka kupika nikaenda kukata, na nilipotoka mle nilikuwa nimeshakuwa babu. Hakuna aliyenibeba. Kwa hiyo nikisema jambo kuhusu mizizi, nisikilize hadi mwisho, na simu uiweke mfukoni.

Kazi alinifundisha Ma Domitila. Alizaliwa Bugomora kule Kyerwa, kwa watu waliotoka Burundi zamani, akaolewa hapa Ihembe na Mnyambo mmoja mpole anaitwa Severini. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa mtu yeyote niliyewahi kumwona na kisu. Siku ya kwanza kunikalisha mbele ya lile kabati linalopuliza hewa safi, nilikuwa nimefungua mdomo niulize swali. Akaifunga chupa kifuniko chake, akanigeukia, akaniita kwa jina na ile Ta yetu ya heshima.

"Funga mdomo, Ta Leo. Pumzi yako ina ukungu kuliko ukuta wa choo."

Nikafunga. Na ninyi mfunge. Mtu akiongea juu ya chupa iliyo wazi, baada ya siku chache ndani mnaota nywele za kijivu, na hizo si mizizi. Osha mikono hadi kwenye kiwiko, pitisha spiriti, choma kisu na kibano kwenye moto, subiri vipoe. Kisu cha moto kinaunguza jicho la mche, halafu mtu anakuja kulalamika kwamba mbegu ni mbaya.

Tulichokuwa tunazalisha mle ni mche wa chini. Parachichi la kuuza halisimami kwa mizizi yake lenyewe. Linabebeshwa juu ya mche mwingine, mgumu, unaostahimili maji yaliyotuama na ule ugonjwa wa kuoza mizizi. Ukiotesha huo wa chini kwa kokwa, kila mmoja unatoka na tabia zake, kama watoto wa nyumba moja. Ukiukata vipande vyenye macho ukavilea kwenye chupa, yote inafanana. Unaosha kipande kwa jiki, unakipa chakula chenye sukari na jeli, unakitilia homoni ya kuchipua, kinazaa vichipukizi. Unavitenganisha, unavikata tena. Hadi hapo kazi ni rahisi, hata wewe utaiweza. Kazi ngumu ni kuviambia vichipukizi viote mizizi, maana ndani ya chupa vinaletewa kila kitu na havioni sababu ya kujisumbua. Hapo ndipo inakuja homoni ya mizizi, unga mweupe, kidogo sana, unaoyeyushwa kwa matone ya spiriti na kukaa kwenye friji.

Ule unga ulikuwa unaadimika. Mara moja ulitujia kwa upande wa Uganda, bodaboda akaubeba hadi Murongo mpakani, na pale wakamweka chini. Unga mweupe, kichupa kidogo, kijana anatoka jasho. Akawaeleza ni dawa ya kuotesha. Ofisa aliyekuwa zamu alikuwa na upara unaong'aa, akakigeuza kichupa mkononi, akauliza inaotesha nini hasa, na kama inafanya kazi hata mahali palipokwisha kukauka. Yule kijana alitusimulia kabla hajashuka kwenye pikipiki. Ma Domitila alicheka hadi akatoka nje ya chumba, kwa sababu mle ndani kucheka ni marufuku, pumzi ile ile.

Ninawaambia hayo mjue kwamba alikuwa mtu wa kucheka.

Severini alikufa kifua. Akazikwa kwenye kibanja chake, shamba lile la nyumbani, kati ya migomba na nyumba, kama wanavyozikwa watu wa hapa, na Ma Domitila akabaki na kibanja. Mabinti zake walikuwa wameolewa mbali. Hakuwa na mtoto wa kiume, na kwa ukoo wa mumewe alikuwa yule Mrundi wa Severini, ingawa alikuwa amelima pale tangu matiti yake yakiwa ya msichana. Lakini migomba ilikuwa imesimama. Mgomba ukisimama, mjane amesimama. Hakuna anayekuja kumuuliza mtu anakaa hapo kwa nini wakati mikungu inaning'inia mlangoni.

Halafu ukaja mnyauko. Ninyi mliukuta umeshapita, au mliuona mkiwa wadogo. Majani yanakuwa manjano, ndizi inaiva kabla ya wakati wake, ukikata shina linatoa usaha. Hakuna dawa. Amri ilikuwa kung'oa yote na kuifukia, na ardhi ipumzike bila mgomba. Ma Domitila aling'oa migomba ya mumewe kwa mikono yake, hadi ile iliyokuwa inafunika kaburi. Alipomaliza, ungeweza kuliona kaburi ukiwa barabarani.

Basi akaja shemeji yake, Pastory. Msinielewe vibaya, Pastory hakuwa mlevi wala mtu wa kelele. Alikuwa mfugaji, mtu wa kanisani, anaongea chini chini. Alisema tu kwamba kibanja cha kaka yake sasa ni malisho, na malisho yanahitaji ng'ombe, na yeye anao. Wazee wa ukoo wakakaa. Wakasema hawamfukuzi mjane, ila ardhi ya ukoo haikai tupu. Mahindi na maharage hayahesabiki, hata mpangaji anapanda mahindi. Wakampa hadi mvua ziishe. Wakija wakute mazao ya kudumu, na yawe yameshika, kibanja ni chake hadi afe. Wasipokuta, Pastory achukue.

Kahawa alijaribu. Bila kivuli cha migomba, kwa jua la mwaka ule, ilikauka kama majani ya chai. Kwa hiyo akayaweka matumaini yake yote kwenye parachichi.

Sasa nirudi chumbani, maana habari hizi mbili zilikutana.

Ule mche wa chini wa parachichi ulikuwa umetukatalia mizizi. Tunauweka kwenye dawa, unakaa kijani, unatutazama. Mtaalamu wetu alikuwa binti wa chuo, Anastazia, mchapakazi kweli kweli. Akaongeza dawa kidogo. Hakuna kitu. Akaongeza tena, na akauacha mche ukae ndani ya dawa muda mrefu zaidi. Na siku moja tukafungua kabati tukakuta chini ya kila kichipukizi pamevimba donge, nene, jeupe, na kutoka kwenye donge mizizi imetoka pande zote kama ndevu za katekista. Anastazia alipiga makofi. Mimi nilipiga makofi. Aliyekuwa anafagia alipiga makofi na hakujua ni ya nini. Msitafute hapo nani wa kulaumu. Sote tuliona mizizi, na mizizi ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta.

Kulikuwa na chupa chache zilizokosa dawa ya kutosha, zile za mwisho wa sufuria. Humo miche ilikuwa myembamba chini, haina donge, ina mzizi mmoja au miwili ya kuhurumia. Tuliziweka rafu ya chini.

Fikirini sisi ni watu gani. Hapa Karagwe mtoto anajua kuchagua chipukizi la mgomba kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Unatazama chini. Lenye tunguu nene na majani membamba kama upanga, chukua. Lenye chini kwembamba, tupa, hilo ni la maji, halitabeba mkungu. Jicho letu lilifundishwa hivyo na bibi zetu na halijawahi kutudanganya kwenye mgomba hata mara moja. Kituo kiliporuhusu wafanyakazi wachukue miche ya kupanda kwao, Ma Domitila alipita kwenye chupa moja moja akizigeuza juu ya taa, akitazama chini. Alichagua yenye madonge makubwa kuliko yote. Kama ningetangulia mimi, ningechagua hiyo hiyo, na yeye angebaki na ile ya rafu ya chini. Sikutangulia.

Anastazia alimshauri apande na kokwa kidogo pembeni, za parachichi la kienyeji, kwa tahadhari. Ma Domitila aliudhika.

"Mwanangu, mimi nimekata miche tangu hujavaa sare. Leo nipande kokwa kama ng'ombe aliyedondosha mavi?"

Alikuwa na haki ya kujivuna. Na ninawaambia, kujivuna huko nakufahamu, ninako mimi mwenyewe, na sijuti. Lakini mti haujui kama wewe unajivuna.

Aliizoesha miche kwenye banda, chini ya plastiki, kwenye unyevu, na ikakaa kijani vizuri. Mche ukiwa chini ya plastiki unakunywa kwa majani, hauna shida na mtu. Mvua zikiwa zinakaribia kuisha akaitoa, akaipanda kibanjani kwa mistari iliyonyooka, akaifunika kwa nyasi. Nilipita kuiona. Ilikuwa imefika kimo cha kiganja, na majani yanang'aa. Alikuwa amepanda mmoja karibu na kichwa cha kaburi la Severini. Akaniambia huo hautabebeshwa tunda la kuuza, utaachwa uwe kivuli.

Mvua zikaisha, jua likatoka, na wazee wakaja. Aliniomba niwepo, awe na mtu wa upande wake. Asubuhi ile majani yalikuwa yamelala kidogo. Nikajiambia ni jua tu.

Walisalimiana vizuri, wakapewa viti, wakanywa maji. Mzee aliyewaongoza akasema miche wanaiona, na ni kazi ya kusifiwa, imebaki kujua kama imeshika. Pastory akainuka. Hakuonyesha chuki yoyote. Aliinama kwenye mche wa kwanza, akaushika kwa vidole viwili, kama unavyomtoa kupe kwenye sikio la ndama, akavuta.

Ukatoka. Haukutoka na udongo, wala mzizi. Ulitoka shina, na chini yake lile donge, safi, jeupe kama jino la mtoto. Mizizi ilibaki ardhini.

Akavuta wa pili. Ukatoka. Akavuta wa tatu, na kila mmoja alikuwa anaulaza vizuri pembeni ya shimo lake. Alipoufikia ule wa kaburini, Ma Domitila aliongea kwa mara ya kwanza.

"Basi, shemeji. Huo uache. Nimeona."

Pastory akasimama, akafuta vidole kwenye suruali. Akasema, "Pole, shemeji," na ninaapa alimaanisha. Wazee hawakukaa sana. Mmoja wao alisahau fimbo yake, akarudi kuichukua bila kututazama.

Nilipiga magoti nikafukua pale ulipokuwa mche wa kwanza. Mizizi ilikuwa humo, mibichi, mizima, imeshika udongo kabisa. Iliyoshika ilikuwa mizizi peke yake.

Nilimwambia tuende baraza la kata, sheria ipo, mjane hafukuzwi hivi hivi. Akaniangalia kama mtu mjinga.

"Nikamshtaki nani, Ta Leo? Mti?"

Alikaa siku chache akang'oa majani kuzunguka kaburi, akafunga vyombo vyake, akaenda kwa kaka yake Bugomora. Kazi aliacha. Kisu chake cha kukatia hakukichukua. Ng'ombe wa Pastory waliingia kabla ya mwezi kuisha.

Mche mmoja nilikwenda nao kituoni mfukoni. Anastazia alilipasua lile donge katikati kwa wembe, akaliweka chini ya kioo cha kukuzia, akatazama kwa muda mrefu, kisha akanisogezea kioo. Mngeona mngeelewa wenyewe. Shina lina mishipa yake, inashuka hadi donge linapoanza, inaishia hapo. Mzizi una mishipa yake, inapanda hadi donge linapoanza, inaishia hapo. Katikati ni nyama tupu kama sifongo, haina njia. Mzizi unakunywa maji na mti unakufa kiu juu yake. Tulikuwa tumeupa dawa nyingi kwa muda mrefu, ukavimba badala ya kuota, halafu ule uvimbe ndio uliootesha mizizi. Mti wenyewe haukuotesha kitu. Yule binti alilia, akanawa, akarudi kwenye meza. Ndiyo maana mpaka leo namheshimu.

Tulichobadilisha ni hiki, na hapa mnaweza kutoa simu mrekodi. Homoni ni ya kuamsha, si ya kulea. Ingiza mche kwenye dawa kwa muda mfupi, kwenye giza, kisha uutoe, uhamishie kwenye chakula kisicho na dawa kabisa, kilichochanganywa na unga wa mkaa hadi kiwe cheusi. Mkaa unanyonya dawa iliyobaki na unaupa mzizi giza, maana mzizi haupendi kutazamwa. Ukiuacha kwenye dawa, dawa ile ile iliyouanzisha mzizi ndiyo itakayouzuia kurefuka. Kiasi gani? Kila mti una wake. Jaribu kidogo kidogo, chupa chache kwa kila kiasi, na usiangalie wingi wa mizizi. Angalia inatokea wapi. Mzizi mmoja uliopasua ganda la shina ni bora kuliko ndevu zote za kwenye donge. Ukiona chini pamevimba kama tunguu la mgomba na moyo wako unafurahi, jua ni bibi yako anafurahi, si wewe. Katupe.

Na zile chupa za rafu ya chini, miche ya kuhurumia? Iliishi. Mingine inazaa hadi leo.

Nilimpelekea mmoja. Nilikuwa nimeshastaafu, nikaupakata kwenye bodaboda hadi Bugomora, ukiwa kwenye kiriba, mfuko wa plastiki wa kuoteshea. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya kaka yake, ambaye naye alikuwa ameshafariki, akipepeta maharage ya watu. Nywele zimekuwa nyeupe. Nikampa shikamoo, ingawa miaka yetu haipishani sana, na yeye akaniuliza kama pumzi yangu bado inanuka ukungu. Nikaweka mche mbele yake. Akautazama chini.

"Mwembamba hivi?"

"Uvute."

Akauvuta. Kiriba kizima kikainuka na udongo wake. Akaurudisha chini polepole, na kidole chake kikabaki pale shina linapoingia ardhini, kinapapasa, kinatafuta donge ambalo halikuwepo. Alikaa hivyo hadi nikaona haya nikatazama pembeni.

"Sasa niupande wapi?" akasema. "Hapa ni kwa watu. Nikipanda mti, kesho wataniuliza nimekuja kutembea au nimekuja kukaa. Mti ndani ya kiriba hausemi kitu."

Akauweka ukutani karibu na jiko, ndani ya kiriba chake, nami nikaondoka.

Nimerudi huko mwaka huu. Mche umempita kimo, una majani mapana, na haujabebeshwa kitu. Aliniambia mtoto wa kaka yake hafurahi, anataka uondolewe pale, anasema mti unaanza hivyo na baadaye unakuwa kesi. Akaniomba nimsaidie kuusogeza, maana kiuno chake hakiwezi. Nikakumbatia kiriba, nikainua. Hakikutikisika. Nikapiga magoti nikatazama: plastiki imechanika chini kote, na mizizi, minene kama vidole vyangu, imeshuka moja kwa moja ardhini. Nikamwambia hauondoki huu bila kukatwa, anipe panga.

Akaingia jikoni, akatoka nalo, akanipa. Nilipokuwa natafuta pa kukata, akanishika mkono.

"Mimi sikuupanda," akasema. "Weka panga chini, Ta Leo. Mwambie aje auvute."